Mashine ya kuchezea muvi sebuleni: zijue faili zako kabla ya kwenda dukani

Swali la msomaji wa Tanga: "Nina televisheni ya inchi 43, Full HD, si smart. Nina pia diski ya nje ya terabaiti 2 iliyojaa muvi, tamthilia, DVD za harusi na katuni za watoto. Nikiichomeka kwenye televisheni, faili nyingine zinatoa sauti bila picha, nyingine zinakataa kabisa. Muuzaji ananipa vitu vitatu nichague: TV box ya Android iliyoandikwa 8K, Dell OptiPlex 3020 Micro ya mtumba yenye Core i5, au Raspberry Pi 4. Bajeti yangu ni laki tatu na nusu. Baadaye nafikiria kununua televisheni ya 4K. Umeme unakatika, na bibi anataka rimoti tu, hataki mambo ya mausi. Ninunue kipi, na nipige Windows au kitu kingine?"

Dada yangu, kabla hujamjibu muuzaji, kaa na hiyo diski nusu saa. Kifaa cha namna hii huchaguliwa kwa kuangalia faili kitakazocheza. Yaliyochapwa kwenye boksi hayakusaidii.

Sauti kutoka bila picha kuna maana yake. Ile .mkv au .mp4 mwishoni mwa jina la faili ni mfuko tu. Ndani ya mfuko mna video iliyobanwa kwa kodeki moja, yaani njia ya kubana na kufungua, na sauti iliyobanwa kwa kodeki nyingine. DVD ya harusi ni MPEG-2. Muvi nyingi za kawaida ni H.264. Zile faili ndogo ndogo ambazo picha yake imetulia kuliko ukubwa wake, nyingi ni H.265, inayoitwa pia HEVC: kodeki hii hutoa picha ya ubora uleule kwa takriban nusu ya ukubwa wa H.264. Video zilizotoka YouTube mara nyingi ni VP9 au AV1. Televisheni yako inaijua kodeki ya sauti, ndiyo maana unasikia, lakini chipu yake haina njia ya kufungua video yenyewe. Ikiwa kinyume, yaani picha ipo na sauti hakuna, mshukiwa wa kwanza ni sauti ya DTS, ambayo televisheni nyingi haziifungui.

Kwa hiyo chukua laptop yoyote, weka VLC, fungua faili kisha bonyeza Ctrl na J. Dirisha linalotokea linataja kodeki ya video na ya sauti. Programu ya MediaInfo ni bora zaidi, kwa sababu inaonyesha pia mstari wa "Format profile". Mstari huo ukisema "Main", video ni ya biti 8, kipimo cha wingi wa ngazi za rangi. Ukisema "Main 10", ni ya biti 10. Tofauti hiyo ya biti mbili ndiyo inayotenganisha kompyuta itakayokufaa na ile utakayoijutia. Kagua faili kama kumi na tano: za zamani, mpya, kubwa kuliko zote, na hasa katuni za Kijapani, ambazo baadhi yake ni H.264 ya biti 10, aina inayosumbua vifaa vingi. Andika hesabu kwenye karatasi.

Sasa turudi kwenye vifaa. Kila chipu ina sehemu maalumu iliyojengwa kwa ajili ya kufungua kodeki fulani fulani. Kodeki ikiwa kwenye orodha ya chipu, video inacheza huku mashine imetulia na feni haisikiki. Isipokuwamo, prosesa inalazimika kuifungua kwa nguvu zake yenyewe. Prosesa yenye nguvu itaweza, ila itapata joto. Prosesa dhaifu itakuonyesha picha inayoganda huku sauti ikikimbia mbele.

Kwa kompyuta za Intel, utajua hali yake kwa kusoma namba ya prosesa. Kwenye i5-4590T, ile 4 ya mwanzo ni kizazi cha nne. Kwenye i5-7500T, 7 ni kizazi cha saba. Kizazi cha nne kinafungua H.264 kwa chipu, lakini HEVC hakiijui. Cha sita kinafungua HEVC ya biti 8. Cha saba ndicho cha kwanza kufungua kikamilifu HEVC ya biti 10 pamoja na VP9, hata kwa 4K. AV1 ilianza kufunguliwa kwa chipu kwenye kizazi cha kumi na moja, na ipo pia kwenye vile vikompyuta vidogo vya Intel N100 vilivyotoka mwaka 2023.

Hapo ndipo ofa ya OptiPlex 3020 inapopungua thamani. Ni mashine imara, lakini ni ya kizazi cha nne. HEVC ya 1080p itacheza kwa nguvu ya prosesa, feni ikisikika chumba kizima. Siku utakayoleta televisheni ya 4K na faili zake, itashindwa. Muulize muuzaji huyohuyo kama ana OptiPlex 3050 Micro, HP EliteDesk 800 G3 Mini, au Lenovo ThinkCentre M710q. Zote ni zile kompyuta ndogo za ofisini, nyembamba kama kamusi, na zote zilitoka na prosesa za kizazi cha sita au cha saba. Usiamini jina la modeli peke yake, kwa sababu 3050 moja inaweza kuwa na i5-6500T na nyingine ya pembeni yake i5-7500T. Wewe unataka ya saba. Hata i3-7100T inatosha kwa kazi hii, kwa kuwa kufungua video ni kazi ya chipu ya picha. Faida ya i5 ni akiba: ile H.264 ya biti 10 ya katuni haifunguliwi kwa chipu hata kwenye kizazi cha saba, na prosesa ya i5 inaimaliza yenyewe bila shida.

RAM ya gigabaiti 4 inatosha, 8 ni nzuri. Diski ya ndani iwe SSD, hata ya gigabaiti 120, kwa kuwa muvi zitabaki kwenye diski yako ya nje.

Raspberry Pi 4, ile kompyuta ndogo ya bodi moja, ni kifaa kizuri, na kuna nyumba ambayo ningeipendekeza kabla ya kompyuta yoyote: nyumba inayotumia sola. Inakula kama wati 5 tu. Inafungua H.264 hadi 1080p na HEVC hadi 4K, pamoja na ya biti 10. Haifungui VP9 wala AV1 kwa chipu. Tatizo liko kwenye vinavyoizunguka. Ukishanunua kasha, kadi ya memori, kebo ya micro HDMI na chaja halisi ya volti 5 ampea 3, bei inakaribia ya kompyuta ya mtumba. Chaja ya simu haifai hata kama plagi inaingia, kwa sababu volti hushuka mzigo ukipanda, ile alama ya radi ya njano inatokea pembeni mwa skrini, na mashine inapunguza kasi au kujizima. Pi 4 pia inagawa ampea 1.2 tu kwa milango yote minne ya USB, na diski ya nje isiyo na umeme wake huweza kula sehemu kubwa ya kiasi hicho inapoanza kuzunguka. Utasikia inagonga "tik, tik" na kupotea kwenye orodha. Dawa ni habu ya USB yenye adapta yake ya umeme. Akija mtu kukuambia uchukue Pi 5 kwa kuwa ni mpya, jua kwamba inahitaji chaja ya volti 5 ampea 5 ili kutoa umeme kamili kwenye USB, na sehemu ya kufungua H.264 kwa chipu imeondolewa. Prosesa yake ina nguvu ya kuifungua yenyewe, ila si sababu ya kuongeza pesa.

TV box ya "8K" iache dukani. Maandishi ya 8K hayamaanishi kitu kwenye televisheni yako, na RAM inayoandikwa kwenye boksi mara nyingi si ile iliyomo. Hilo bado ni dogo. Januari 2023 mtaalamu mmoja wa usalama alionyesha kwamba boksi aina ya T95 lilikuwa limetoka na programu hasidi ndani ya mfumo wenyewe, na Juni 2025 FBI ya Marekani ilitoa tahadhari kwa umma kuhusu mtandao wa vifaa vya namna hiyo uitwao BADBOX 2.0. Boksi likishaambukizwa kiwandani, kulirudisha kwenye hali ya mwanzo hakusaidii, kwa sababu hali ya mwanzo ndiyo hiyohiyo yenye ugonjwa. Waliolitengeneza hupitisha shughuli za watu wengine kupitia intaneti ya nyumbani kwako, na bando ni lako. Yapo maboksi na vijiti vya Android TV vyenye kibali cha Google, na hivyo ni salama. Namna ya kuvitambua: fungua Play Store, nenda kwenye mipangilio, sehemu ya kuhusu, utaona kama kifaa kimethibitishwa. Bila kibali hicho Netflix ama haifunguki au inakupa picha ya ubora wa chini. Ukija kuhitaji Netflix, YouTube au programu ya king'amuzi chako, ongeza kijiti chenye kibali kwenye mlango wa pili wa HDMI. Kuilazimisha mashine moja ifanye yote huishia kwenye mashine isiyofanya hata moja vizuri.

Ukienda dukani, nenda na flashi mbili. Ya kwanza ichome LibreELEC, mfumo endeshi wa kuchezea muvi nitakaoueleza hapa chini. Ya pili weka faili nne au tano zilizokataa kwenye televisheni. Usiziweke zote kwenye flashi moja, kwa sababu ikishachomwa LibreELEC, Windows haisomi tena sehemu ya kuhifadhia faili. Mwombe muuzaji akuunganishie kompyuta kwenye skrini, kisha fanya haya.

Washa na ubonyeze F2 kwa Dell, F10 kwa HP, F1 kwa Lenovo, ili uingie BIOS, menyu ya mipangilio ya kompyuta kabla mfumo haujawaka. Ikikuuliza nywila, rudisha mashine palepale. Kompyuta hizi zimetoka maofisini Ulaya na kwingineko, na nyingine zilifungwa na ofisi ya mwanzo. Bila nywila hiyo huwezi kubadilisha mpangilio wowote ninaouhitaji hapa. Ikifunguka, soma jina la prosesa na kiasi cha RAM humohumo, si kwenye stika. Kwa Dell angalia pia kama adapta ya umeme imetambuliwa. Adapta za Dell zina pini ndogo katikati inayojitambulisha kwa mashine. Ukipewa adapta ya kuigiza, kompyuta inawaka na kutoa onyo kwamba haitambui adapta, halafu inaishusha prosesa kasi. Watu wengi wamehangaika wakidhani kompyuta ni mbovu, kumbe ni adapta.

Halafu zima Secure Boot, ulinzi unaoweza kuzuia mfumo mgeni usiwake, hifadhi, washa upya ukibonyeza F12 kwa Dell na Lenovo au F9 kwa HP, chagua flashi, na uendeshe LibreELEC moja kwa moja bila kuisakinisha. Kama mashine ina kibodi, cheza faili kisha bonyeza herufi O. Maandishi yanatokea juu ya picha, na kuna mstari wa kisimbuzi cha video. Ukiona "vaapi" au "drm_prime" pamoja na herufi HW, chipu inafanya kazi. Ukiona SW, prosesa ndiyo inayohangaika. Kwa faili ya HEVC Main 10 kwenye kizazi cha saba lazima uone HW. Mstari huo mmoja unakueleza zaidi ya muuzaji yeyote. Acha muvi icheze dakika kumi huku mkono ukiwa juu ya kasha: joto la kawaida sawa, lakini feni ikivuma kama ya kukaushia nywele, ndani kumejaa vumbi au ile pasta ya juu ya prosesa imekauka. Hilo fundi analitengeneza, na ni sababu ya kupunguziwa bei.

Tazama na milango ya nyuma. 3050 Micro ina HDMI na DisplayPort. HDMI yake ni toleo la 1.4, inayopeleka 1080p kwa herzi 60 bila tatizo na 4K hadi herzi 30. Kwa kuwa muvi nyingi za 4K ni picha 24 kwa sekunde, hutaona upungufu. Ukitaka 4K ya herzi 60 siku za usoni, pitia DisplayPort kwa adapta yenye chipu ndani yake, iliyoandikwa wazi 4K 60Hz. Sauti nayo inapita humo humo.

Kuhusu mfumo endeshi: usipige Windows kwenye hii. Windows 10 iliacha kupata marekebisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haiikubali rasmi prosesa ya kizazi cha saba. Hata ingekubali, bibi angekutana na dirisha la masasisho katikati ya muvi, na masasisho hayo yanakula bando. Kama kompyuta hiyohiyo itatumika pia na mwanafunzi kwa kuandika na kutafuta mambo mtandaoni, weka Linux Mint, mfumo endeshi wa bure, kisha usakinishe Kodi, programu ya kuchezea muvi, juu yake kama programu ya kawaida. Ila hukuniambia hivyo. Umesema muvi na rimoti, na jibu la hilo ni LibreELEC.

LibreELEC ni Linux iliyopunguzwa mpaka ikabaki na kazi moja, kuwasha Kodi. Kodi ndiyo programu yenyewe ya muvi. Ilianza miaka ya 2000 kama programu ya Xbox na ikabadilishwa jina kuwa Kodi mwaka 2014. LibreELEC ilizaliwa mwaka 2016. Sababu yangu kubwa ya kukupendekezea ni umeme wa kukatika. Sehemu ya mfumo imefungwa isiandikwe wakati wa matumizi, ni ya kusomwa tu. Umeme ukikatika ghafla, Windows inaweza kukutwa katikati ya kuandika faili zake muhimu, na kesho yake ikaanza kujikarabati kwa saa nzima. LibreELEC inawaka tena kama jana. Kinachoandikwa ni mipangilio na maktaba, basi.

Pakua faili ya aina ya Generic kwa kompyuta ya Intel. Ile ya Generic-Legacy ni ya wenye kadi za picha za Nvidia na mashine za zamani. Ichome kwenye flashi kwa programu yao ya USB-SD Creator, au kwa balenaEtcher. Ukiwa kwenye BIOS, mbali na kuzima Secure Boot, angalia mpangilio wa SATA. Dell nyingi hutoka zikiwa "RAID On". Kwenye hali hiyo Linux huenda isiione SSD ya ndani, na kisakinishi kitakuambia hakuna diski. Badilisha iwe AHCI.

Sasa jambo ambalo ukilikosea hakuna fundi wa kukurudishia: kabla ya kusakinisha, chomoa diski yako ya terabaiti 2. Isiwe hata kwenye meza hiyo. Kisakinishi kinafuta diski nzima utakayoichagua, na kwenye orodha diski huonekana kwa majina yasiyoeleweka. Video za harusi zikifutika zimefutika. Ikiwa SSD ya ndani ndiyo peke yake, hakuna cha kukosea. Kazi yenyewe ni ya dakika chache, kisha unachomoa flashi na kuwasha upya.

Mara ya kwanza itakuuliza lugha, jina la kifaa na mtandao. Kubali Samba ikiulizwa, ili uweze kunakili faili kutoka kwenye laptop kupitia mtandao wa nyumbani. Ukiwezesha SSH, njia ya kuiendesha mashine kwa amri kutoka kompyuta nyingine, badilisha nywila palepale, kwa sababu nywila ya mwanzo ni "libreelec" na inajulikana dunia nzima. Mtandao ni bora upite kwenye kebo ya LAN kutoka kwenye ruta. Kompyuta nyingi za ofisini hazina Wi-Fi, na vile vidude vya USB vya bei rahisi huenda visitambuliwe. Ukilazimika, tafuta chenye chipu ya MediaTek MT7612U, ambacho Linux inakijua bila kuongezewa kitu. Lakini muvi za kwenye diski hazihitaji intaneti. Inatumika kuvuta picha za majalada na maelezo tu, kazi ya mara moja.

Mipangilio minne inastahili muda wako. Kwanza inua kiwango cha mipangilio, pale chini kushoto, mpaka "Expert", la sivyo hutaiona yote.

Kwenye "Player", upande wa video, weka "Adjust display refresh rate" iwe "On start / stop". Bila hilo picha 24 kwa sekunde zinagawanywa kwenye mizunguko 60 ya televisheni: picha moja inakaa mizunguko miwili, inayofuata mitatu. Utaliona pale kamera inapopita taratibu juu ya mji, majengo yanarukaruka badala ya kuteleza. Video za harusi za DVD ni 25 kwa sekunde, na zenyewe zinataka herzi 50. Ili kazi hiyo ifanyike, nenda "System", "Display", ufungue "Whitelist" na uweke alama kwenye 1920x1080 za 23.98, 24, 25, 50, 59.94 na 60. Menyu yenyewe iache 1080p hata baada ya kununua televisheni ya 4K. Ukishaongeza 3840x2160 kwenye orodha hiyo, muvi ya 4K itabadilisha skrini yenyewe ikianza, na menyu itabaki nyepesi.

Kwenye sauti, kama huna spika za sabufa zinazopokea HDMI, weka "Number of channels" 2.0 na uzime "passthrough", yaani kupeleka sauti nje bila kuifungua. Malalamiko ya kwamba muziki unasikika lakini watu hawasikiki wakiongea karibu yote yanatoka hapa. Kwenye sauti ya 5.1 maongezi yako kwenye spika ya katikati, na ukiiambia mashine unazo spika sita wakati una mbili za televisheni, maongezi yanapelekwa mahali pasipo na spika. Ukiweka 2.0 yanachanganywa na kurudi mbele. Yakiwa bado hafifu, muvi ikiwa inacheza fungua menyu ya sauti na upandishe "Volume amplification" hadi desibeli 6 au 8. Picha ikikatwa pembezoni, tatizo ni televisheni: tafuta kwenye menyu yake mpangilio wa ukubwa wa picha, mara nyingi unaitwa "Just Scan" au "Screen Fit".

Maktaba ya Kodi inatambua muvi kwa jina la folda na faili. Muvi iandikwe jina lake na mwaka kwenye mabano, tamthilia iwe na folda yake na kila sehemu iandikwe mfano S01E04. Zile muvi zilizotafsiriwa na madijei na video za familia ziweke kwenye folda zao, na Kodi ikikuuliza aina ya yaliyomo chagua "None". Ukizichanganya, itahangaika kuzitafuta mtandaoni, na harusi ya binamu yako itapewa jalada la filamu ya Kihindi. DVD za harusi nakili folda nzima ya VIDEO_TS, usichukue faili za VOB moja moja, kwa sababu mpangilio wa sura unapotea.

Umeme sasa. Ingia BIOS utafute "AC Recovery" kwa Dell, au "After Power Loss" kwa HP na Lenovo, uweke mashine iwake umeme unaporudi. Kompyuta hizi hula takriban wati 10 hadi 20 muvi ikicheza. Tukikadiria 15, kwa saa 5 kila siku, mwezi mzima ni uniti 2 na robo za Luku. UPS ndogo ya 650VA, ukiichomekea kompyuta peke yake bila televisheni, inaibeba zaidi ya nusu saa ikiwa betri ni nzima, na diski ya nje inalindwa pamoja nayo kwa kuwa inapata umeme kutoka kwenye USB.

Diski ndiyo inayoumia zaidi kuliko mashine, hasa umeme ukikatika wakati unanakili. Yako bila shaka imefomatiwa kwa NTFS au exFAT. NTFS ina daftari la ndani linalosaidia kurekebisha hitilafu, exFAT haina, kwa hiyo kama ni exFAT nakili faili wakati UPS ipo. FAT32 haifai, haipokei faili inayofika gigabaiti 4. NTFS iliyochomolewa vibaya hubaki na alama ya "chafu", na LibreELEC inaweza kukataa kuifungua: unawasha, diski haipo. Usikimbilie kuifomati. Ichomeke kwenye Windows, fungua Command Prompt kama msimamizi, andika chkdsk, herufi ya diski, kisha /f, mfano chkdsk E: /f. Ikimaliza, itoe kwa njia salama na uirudishe. Zile video za harusi ziwe na nakala kwenye diski nyingine inayokaa kabatini, haichomekwi ila siku ya kuongeza kitu.

Imebaki rimoti ya bibi. Raspberry Pi inaendeshwa na rimoti ya televisheni kupitia HDMI kama televisheni inaunga mkono CEC, njia ya kupitisha amri za rimoti kwenye kebo hiyo. Kompyuta za Intel kwa kawaida haziungi. Nunua rimoti ya USB ya 2.4 GHz, ile yenye kipokezi kidogo kama cha mausi, yenye mishale, OK, kurudi nyuma na sauti. Usichague yenye vitufe arobaini. Kipokezi kiweke mbele ya kompyuta au kwenye kebo fupi ya USB, mbali na kebo ya diski: vifaa vya USB 3 hutoa kelele kwenye masafa hayohayo ya 2.4 GHz, na rimoti inakuwa inashika mara moja kati ya tatu. Simu yako iwekee Kore, programu rasmi ya Kodi, kwa siku betri za rimoti zikiisha.

Kitufe cha kuzima kina mtego. Mashine ikizimwa kabisa kwa rimoti, mara nyingi rimoti haiwezi kuiwasha tena, kwa sababu mlango wa USB umekatiwa umeme. Kwenye mipangilio ya Kodi ya kuokoa umeme, badilisha kazi ya kitufe iwe "Suspend" badala ya kuzima. Kwa Dell, nenda kwenye "Power Management", zima "Deep Sleep Control" na uwashe "USB Wake Support". Jaribu mara tatu: ilaze, subiri dakika tano, iamshe kwa rimoti. Ikikubali mara zote tatu, mkabidhi bibi.